Hesabu za Zizini

Jumatatu, tarehe 5 Februari 1979. Mawingu tangu alfajiri, lakini mvua haikunyesha. Upepo wa mashariki, vumbi jingi. Pamba ya wengi imesinyaa.

Ndivyo nilivyoandika siku hiyo katika daftari langu. Mwalimu mlezi wa chuo alitufundisha kuanza na hali ya hewa, eti mkono uzoee kabla ya mambo magumu. Chini yake nimeandika: "Hesabu, Darasa la Saba. Nimejaribu njia yangu mwenyewe. Watoto wamefurahi." Maneno hayo nimeyasoma mara nyingi tangu wakati ule, nikitafuta kama nilidanganya. Sikudanganya. Walifurahi kweli.

Nieleze kwanza nilivyofika mbele ya ubao, maana hata mimi ilinishangaza. Nilimaliza darasa la saba na sikuchaguliwa kuendelea. Kilichoniangusha ni hesabu. Baadaye serikali ilipotaka kila mtoto aingie shule, walimu hawakutosha, wakachukuliwa watu kama mimi: siku tatu unafundisha, siku mbili unafundishwa wewe. Kwetu ni upande wa Geita. Baba yangu alikuwa akichimbachimba dhahabu kwenye mashimo ya zamani, na mama akilima muhogo. Mbuzi tulikuwa nao. Ng'ombe hatukuwahi kuwa naye hata mmoja. Nikapangiwa kijiji cha huku Kishapu, nchi kavu ya pamba na ng'ombe, nikaja na mke wangu na godoro la pamba.

Mwalimu mkuu alinipa hesabu kwa sababu walimu wengine walizikimbia. "Wewe kijana," aliniambia, "bado una nguvu." Nguvu aliyoisema ni ya mkono. Desturi ya shule ilikuwa kila asubuhi darasa kusimama mstari, kila mtoto aulizwe jedwali la kuzidisha, na anayekosa apigwe fimbo mbili. Nisimseme vibaya mwalimu mkuu. Yeye mwenyewe alifundishwa hivyo, na chaki zilipokwisha wilayani alizinunua kwa pesa zake. Lakini kipindi cha hesabu kilipofika, watoto thelathini na wanane walikaa kama wako msibani. Na mimi, niseme kweli, niliwaogopa kama wao walivyoniogopa.

Mmoja hakuogopa. Alikuwa binti wa mfugaji aliyekaa ukingoni mwa kijiji, alikotoka kwa mguu saa nzima kuja shuleni. Aliketi nyuma karibu na dirisha, na ukimpa hesabu alifumba macho kwanza, akafumbua, akakupa jibu. Tangu shule ifunguliwe hakuna msichana aliyekuwa amechaguliwa kwenda sekondari. Mwalimu mkuu alisema, "Huyu ndiye." Mimi pia nilitaka awe yeye. Nilimtakia mema, lakini nilijitakia na mimi pia. Nilitaka isemwe kwamba yule aliyefeli amefaulisha.

Siku hiyo ya Februari kitabu kilikuwa na swali la mabomba mawili yanayojaza tangi, moja likijaza kwa saa nne na jingine kwa saa sita. Kijana mmoja mkubwa, mwenye ndevu zinazoanza, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwa nini walifungua yote mawili?"

"Ili lijae upesi."

"Na maji hayo yanatoka wapi bure hivyo?"

Darasa likacheka. Nami nikacheka, maana kijiji kizima kilichota maji kwenye kisima kimoja cha mchanga mtoni. Nikafunga kitabu. Nikawauliza wao wanajua kitu gani kwa hesabu. Kisha mtu akasema kutoka nyuma, kama anayenong'ona: "Ng'ombe."

Nikasema vema, kesho kila mtu aje na idadi ya ng'ombe wa kwao. Yule binti ndiye aliyesimama.

"Mwalimu, kwetu ng'ombe hawahesabiwi."

"Sasa baba yako anajuaje kama mmoja amepotea?"

"Anaangalia tu. Anamwona yule ambaye hayupo."

Jibu hilo lilinipendeza nikaliandika. Sikulifikiria. Nilikuwa nimesikia habari hiyo, kwamba Wasukuma wa huku hawataji idadi ya mifugo, na kwenye semina tulikuwa tumeambiwa kwamba mambo ya namna hiyo ni imani za zamani na mwalimu ni wa kuziondoa. Nikajiona mjanja. Nikawaambia: "Msihesabu. Simameni mlangoni pa zizi asubuhi, kila ng'ombe akitoka wekeni jiwe moja kwenye kopo. Mtaleta mawe. Mawe hayana mwiko."

Walikuja na mawe kwenye makopo, kwenye mifuko ya kaptula, kwenye ncha za khanga za mama zao. Sijawahi kuona darasa kama lile. Waliyamwaga sakafuni, wakayapanga makumi makumi, wakagombana. Tulifanya sehemu: ndama ni sehemu gani ya zizi lote. Tulifanya asilimia, majike wanaokamuliwa kwa mia. Tulifanya wastani. Watoto ambao tangu nianze kuwafundisha walikuwa hawajafungua kinywa walinifuata mpaka nyumbani kwangu kuniambia kwamba mwenzao kahesabu na mbuzi. Yule binti alileta mawe sitini na matatu ndani ya kitambaa, akayabeba kwa kichwa.

"Kumbe kwenu matajiri," yule wa ndevu alimwambia, "na sketi imechanika."

"Sketi haikamuliwi," akajibu.

Nilikuwa na karatasi ya mfuko wa saruji. Nikaigeuza, nikachora grafu ya nguzo kwa rangi ya mkaa, kila nguzo na jina la mtoto chini yake na idadi juu. Ya kwao yule binti ilikuwa ndefu kuliko zote. Nikaibandika ukutani kwa uji wa muhogo, na mawe yao nikayapanga chini yake kwenye kibao. Mwalimu mlezi alipokuja kunikagua alisimama mbele yake akasema hajaona zana ya kufundishia nzuri kama ile katika vituo vyake vyote. Usiku ule sikulala vizuri kwa furaha. Nilimwamsha mke wangu mara mbili.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu, na sitasema haikuwa nzuri.

Ulikuwa wakati wa vita ya Uganda. Vijiji vilitoa michango kwa ajili ya askari: mtama, karanga, ng'ombe. Katika mwezi wa tatu kijiji chetu kiliitwa mkutanoni, na kwa kuwa siku hiyo mvua ilikuja, watu waliingia darasani mwangu, wazee kwenye madawati, vijana madirishani. Mwenyekiti wa kijiji akaeleza: kila zizi litoe mmoja kwa kila ishirini, na asiyefika ishirini asitoe. Naye alikuwa mtu wa haki kwa kadiri nilivyomjua. Mtoto wake mwenyewe alikuwa huko mbele, na yeye alianza kwa kutoa wawili wakati mmoja ulimtosha. Kila mwenye zizi alisimama akasema mwenyewe.

Baba yake yule binti akasimama. Alikuwa mrefu, mkimya, na koti la kijeshi la zamani.

"Mimi nina tisa."

Mwenyekiti akawa anaandika, kisha akainua macho ukutani. Mimi nilikuwa mlangoni. Nilimwona anasoma, na nikajua anasoma nini.

"Ndugu yangu," mwenyekiti akasema, "hapa pameandikwa sitini na tatu. Jina la mtoto wako hili hapa."

Watu wakageuka. Mmoja akacheka. "Hao tisa ni wa kuliwa leo," akasema mwingine, na kicheko kikaongezeka.

"Au mtoto wako hajui kuhesabu?" mwenyekiti akauliza, bila ukali.

Yule baba hakujua kusoma. Lakini nguzo haihitaji kusoma. Aliitazama kwa muda, ile ndefu kuliko zote, na mawe yaliyopangwa chini yake kwenye kibao. Kisha akasema, "Mtoto anajua kuhesabu." Akakaa.

Kesho yake wakaenda kuchukua ng'ombe watatu. Walichagua maksai walionona, kama ilivyo haki kwa watu wanaokwenda vitani.

Sikuelewa kilichotokea mpaka miezi minne baadaye, na ndiyo maana sijui nijilaumu kwa kutojua au kwa kutouliza. Grafu niliitoa ukutani jioni ile ya mkutano. Lakini somo sikuliacha. Tulihama kwenye ng'ombe, tukapima viwanja vya pamba kwa hatua, tukapima kina cha kisima kwa kamba. Watoto waliendelea kufurahi. Yule binti aliendelea kufumba macho na kutoa jibu. Nilichokiona ni kwamba amekonda, na kwamba saa nne, wengine wakitoa vibuyu vyao vya maziwa ya mgando, yeye alitoka nje. Watoto wengi walikonda mwaka ule.

Mwezi wa saba niliwapa kazi ya kutunga maswali yao wenyewe. Kila mmoja aandike ubaoni, darasa lijibu. Huu ulikuwa mchezo walioupenda kuliko yote, na walikuwa wakisukumana kupata chaki. Zamu yake ilipofika aliandika kwa mwandiko wake wa kulala, akasoma kwa sauti:

"Zizi lina ng'ombe sitini na tatu. Tisa ni wa mwenye zizi. Waliobaki ni wa rafiki yake wa kijiji kingine, aliyempa awatunze, naye anakunywa maziwa na kulimia maksai. Ng'ombe watatu wa rafiki wakachukuliwa. Rafiki akaja, akaswaga waliobaki wote walio wake, na akadai watatu wake walipwe. Mwenye zizi amebaki na ng'ombe wangapi?"

Mikono ikapanda. Wengine walisimama juu ya madawati. "Sita, mwalimu, sita!"

"Sahihi," akasema yeye. "Swali la pili. Mwenye zizi akiozesha binti yake kwa ng'ombe ishirini na wanne, atakuwa na wangapi?"

"Thelathini!"

"Huyo binti wa ishirini na wanne ni mweupe?" yule wa ndevu akauliza, maana huku weupe huongeza mahari.

"Anajua kuhesabu," akajibu, na darasa likacheka mpaka mwalimu mkuu akachungulia dirishani. Naye akatabasamu. Nilichukua daftari la binti nikaandika kwa wino mwekundu: Vizuri sana.

Kengele ilipolia, msichana aliyekaa naye dawati moja alibaki. Akapanga vitabu vilivyokwisha kupangwa.

"Mwalimu," akasema, "lile halikuwa swali."

Jumamosi nilikwenda kwao. Baba yake alikuwa anasuka kamba mbele ya zizi, na zizi lile kubwa la miiba lilikuwa na ng'ombe sita pembeni, kama watu waliofika mapema mkutanoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Karibu." Akanipa kigoda. Mtoto hakutokea, wala mama yake.

Nilimwambia nimekuja kwa ajili ya binti, kwamba mtihani ni mwezi wa tisa, kwamba akifanya atafaulu. Akaniacha nimalize. Kisha nikamwuliza kwa nini siku ile hakusema wale ng'ombe si wake.

"Ningesema ni wa nani?" akauliza. "Mwenyewe huko kijijini kwao amesema anao kumi na watano. Ningemtaja mbele ya mwenyekiti, kesho angefuatwa yeye. Mtu anakupa ng'ombe zake unampa mdomo wako. Ndivyo tunavyokaa. Huyu wa kwangu yuko kwako, wa kwako yuko kwa fulani. Ugonjwa ukiingia zizi moja haumalizi ng'ombe wote wa mtu mmoja. Ndiyo maana hatutaji."

"Mimi nilidhani ni imani tu, baba."

"Hata hiyo ipo," akasema. Akavuta kamba. "Sikukulaumu, mwalimu. Lakini ulimwuliza mtoto. Mimi hukuniuliza."

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani. Niliyoweza kusema ni kumwomba asubiri miezi miwili, amalize mtihani kwanza. Akaniambia mwanamume anayemposa ni wa upande wa kwetu, karibu na Buseresere, aliyepata kitu kidogo kwenye dhahabu akanunua ng'ombe. Si mtu mbaya, alisema, ameulizia. Lakini watu wake wataswaga mifugo kabla nyasi za njiani hazijaisha, na mvua zikianza Novemba bila maksai hatalima, na ana watoto wengine watano. "Nihesabie wewe," akaniambia. "Wewe ndiye mwalimu wa hesabu." Hakusema kwa kejeli. Alitaka kweli kujua kama kuna njia nyingine. Nilikaa pale muda mrefu nikahesabu, na sikuipata.

Mwalimu mkuu nilipomweleza alikasirika kuliko nilivyotarajia. Alisema kuna sheria, mwanafunzi haolewi, baba atafungwa na bwana harusi atafungwa. "Andika barua kwa Afisa Elimu. Mimi nitagonga muhuri." Sitasahau kwamba yeye, mwenye fimbo, ndiye aliyetaka kupigania.

Kabla ya kuandika nilimwita binti nje ya ofisi. Nilimwuliza anataka nini. Safari hii hakufumba macho.

"Nataka kufanya mtihani."

"Basi nitaandika barua."

"Baba atafungwa?"

"Huenda."

"Na nani atalima?"

Akaendelea, "Mwalimu, nikifaulu, mama na wadogo zangu watakula nini huo mwaka wa kwanza?" Kisha, kama aliyeona nimepata shida, akanipunguzia: "Usiandike. Ni mimi niliyeleta mawe."

Nikamwambia si yeye, ni mimi. Hatukubishana zaidi.

Barua niliiandika. Nimeihifadhi mpaka leo ndani ya daftari lile. Ni kurasa mbili, na kila nilipofika mahali pa kueleza chanzo cha umaskini wa yule baba, ilinibidi niandike habari ya grafu, na nani aliichora, na kwa amri ya nani watoto waliweka mawe. Nilikuwa bado sijathibitishwa kazini. Niliiweka siku moja, nikaiweka ya pili. Mwalimu mkuu alipouliza nilisema naisahihisha. Nimejiambia miaka yote kwamba nilinyamaza kwa sababu mtoto aliniomba. Aliniomba kweli. Lakini hata kama asingeomba sina hakika ningeipeleka, na sitaki msomaji aniwekee alama ambayo sikuipata.

Alikuja shuleni mpaka Ijumaa ya pili ya mwezi wa nane. Jumatatu hakuja. Wiki hiyohiyo watu waliona ng'ombe ishirini na wanne wakipitishwa barabara ya kisimani, na watoto wa darasa langu walikimbilia madirishani. Hakuna aliyehesabu kwa sauti.

Siku ya mtihani alikuja msimamizi mgeni kwa baiskeli kutoka wilayani. Anga lilikuwa jeupe, joto la kuunguza, na upepo ulikuwa umekufa. Alikuwa mtu mpole, aliwaambia watoto wapumue kwanza. Akaita namba. Alipofika namba ya yule binti aliita mara tatu kama inavyotakiwa, kisha akaniuliza mimi mlangoni: mgonjwa? Nikasema amehama. Akaandika neno hilo kwenye fomu yake.

Karatasi ya hesabu ilipogawiwa niliwatazama kupitia dirisha. Hawakukaa kama walioko msibani. Waliandika. Yule wa ndevu alikuwa anatabasamu peke yake juu ya swali fulani. Walipotoka walinizunguka wote pamoja wakinitajia majibu, na mengi yalikuwa sahihi. Mwalimu mkuu alinishika mkono mbele yao akasema hajapata kuona darasa linatoka kwenye hesabu linacheka. Alisema kwa moyo wote, tena baada ya yote aliyoyajua. Nilimshukuru. Nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma ili nisikutane na mtu.

Mke wangu aliniuliza mtihani umekwendaje. Nikamwambia vizuri. Akaniuliza habari za yule binti aliyeolewa upande wa kwetu, nikamwambia sijasikia habari yoyote kutoka huko. Jioni tulikula ugali wa mtama na majani makavu ya kunde yaliyopikwa kwa karanga, na chumvi ilikuwa kidogo.